Saa ya Kupima Usingizi

Mwaka ule nilifikisha umri aliokuwa nao baba mwili ulipoanza kumcheza. Kila kikombe kilichoniponyoka jikoni nilikichukua kuwa ushahidi. Baba naye alianza kwa kuangusha vitu, kisha mabega yakawa yanaruka yenyewe, mwisho mwendo ukawa wa kuyumba. Alikufa bila kujua ugonjwa wake unaitwaje, na mimi niliogopa kuuliza kama ameniachia.

Nauza vitambaa Kariakoo, vile vya kukata kwenye jora. Usingizi ulinihama miezi mingi, hadi hamu ya kugombana na wateja ikaniisha. Anayenijua atakwambia hapo ndipo ungejua naumwa. Jirani yangu wa duka, mama wa Kihindi anayeuza vifungo na zipu, alisikia kliniki kwamba kuna watafiti wanatafuta familia zenye ugonjwa kama ule wa baba. Alinipeleka mwenyewe, maana hakuniamini kwamba nitaenda.

Daktari alikuwa binti mdogo. Aliniamkia shikamoo, akanieleza taratibu kwamba kwa waliorithi, kukosa usingizi na sonona vinaweza kutangulia miaka mingi kabla mwili haujaanza kucheza, ndiyo maana wanawafuatilia hata watoto wa wagonjwa walio wazima. Naweza kukataa na hakuna atakayenuna. Wangenitoa damu, lakini majibu ningesomewa siku nitakayotaka mwenyewe. Nikatia sahihi. Akanifunga mkono wa kushoto saa isiyo na mishale, ya kurekodi kila ninapojongea, usiku na mchana, kwa wiki mbili.

Niliporudi, alinionyesha michoro kwenye kompyuta. Usiku wangu ulikuwa vipande vipande, jambo nililolijua bila mashine. Lakini mchana palijaa mistari mirefu iliyosimama wima, na daktari akaisogelea skrini.

"Mama, huu mkono huwa unajirusha wenyewe?"

Nikajiambia basi, nimeshafika alikofika baba. Nilitaka kuondoka, ila macho yalinasa kwenye siku moja ambayo mstari ulikuwa umelala kabisa. Nikauliza ni siku gani. Jumapili. Na ile nyingine iliyolala? Jumapili pia.

Jumapili sifungui duka. Nilivua mtandio, nikauvuta kutoka kifuani hadi ncha ya mkono wa kushoto, nikaukung'uta kwa nguvu, nikauvuta tena. Ndivyo tunavyopima vitambaa siku nzima, na mteja asiposikia kitambaa kikilia anadhani ni feki. Daktari alinirudishia saa mkononi, akanifanya nipime mtandio wangu mpaka bega likauma, kisha tukaangalia. Mistari ilikuwa ile ile. Tulicheka wote wawili. Akaniomba radhi kwa kutouliza kwanza kazi yangu, akaliongeza swali hilo kwenye fomu yake.

Alinionya lakini kwamba mchoro si majibu ya damu. Tukaanza na usingizi na sonona: dawa kidogo, mazungumzo kila wiki, na amri ya kutokwenda kitandani mpaka usingizi uje wenyewe. Niliibishia sana amri hiyo. Ilifanya kazi, na hilo nalo liliniudhi. Nilipoanza kulala wiki nzima bila kushtuka, nikarudi na kumwambia sasa nisomee.

"Hukurithi, mama."

Nilidhani nitapiga vigelegele. Nikalia, na si kwa furaha tu. Nilimwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Siku moja baba alikuja dukani, akayumba mbele ya meza yangu, mteja akauliza yule mlevi ni nani. Nikajibu simjui. Baba alisikia, akageuka, akaenda zake. Hakuwahi kuonja pombe maishani mwake.

Daktari hakunihubiria. Alifungua mchoro wa ukoo wetu, usio na majina, akanionyesha kiduara changu cheupe, maana wanawake huchorwa duara na wanaume mraba, na juu yake mraba wa baba, ambao ulikuwa bado mtupu. Mgonjwa hutiwa wino, akasema, kisha akanipa kalamu. Niliujaza mraba ule polepole, kona zote nne, na pembeni nikaandika: huyu ni baba yangu.