Alphonse Atafuta Watu Wazito

Alphonse alikuwa shofere kwa miaka ishirini na miwili katika barabara za Fizi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kushika usukani wa gari ambalo watu wengine hawakuwa wamelichosha kwanza. Sasa alikuwa nalo jipya: pikapu nyeupe ya chama cha wakulima wa Lweba, viti bado vimevikwa nailoni. Siku mkewe Georgette aliporuhusiwa kutoka hospitali huko Baraka, siku kumi baada ya kupasuliwa tumbo, Alphonse aliomba gari kwa wenzake wa chama, akaliosha mpaka matairi.

Alitaka mkewe arudi kama bibi harusi: bila magunia, bila kuku, bila kelele za watu. Kwenye daraja la kutokea mjini, wanawake waliotoka sokoni walimpungia mkono. Akawapita.

"Baba Aline, yule si Mama Rosette?" Georgette alimuuliza mumewe.

"Leo gari ni ya we tu."

Kwenye shimo la kwanza pikapu iliruka upande wa nyuma, ikatua kwa kishindo. Georgette alishika tumbo. Alphonse akapunguza mwendo, lakini gari likaendelea kuwarusha, jiwe moja moja, kana kwamba linayahesabu.

"Ile kamiyo yako ya zamani ya kubeba mizigo ilikuwa inanibembeleza," Georgette alisema, meno yamebanana. "Hii iko inanipiga."

"Vumilia kidogo."

"Simamisha. Mi nitatembea kwa miguu."

Muuguzi alikuwa ameonya: mshono ukifunguka, atapasuliwa tena. Na nyumbani kulikuwa mbali. Alphonse alisimamisha gari, akamkalisha mkewe kwenye kibaraza cha nyumba iliyokuwa karibu, kisha akapiga magoti nyuma ya pikapu. Springi zilikuwa ngumu, zimekaza, hazina cha kubeba. Gari lilitengenezwa libebe mizigo ya watu wengi. Yeye alikuwa amelipakia mwanamke mmoja tu aliyekondeshwa na ugonjwa. Kumbe ni upendo wake uliokuwa unamtikisa mkewe.

Akapanda gari, akarudi darajani mbio.

"Bamama, tafazali, mupande."

"Saa ile ulitupitia na vumbi," alisema Mama Rosette. "Vumbi imeisha?"

"Musinicheke. Mi natafuta bantu bazito."

Mama Rosette akaweka mkono kiunoni.

"Muzito ni nani?"

"Ni we, mama," alijibu Alphonse, kwa unyenyekevu wa mtu anayeungama.

Walicheka mpaka mmoja wao akatua gunia lake la mchele chini. Lakini Alphonse aliposema habari ya mshono na ya springi zisizo na mzigo, kicheko kilikatika. Mama Rosette alipanda wa kwanza, akaanza kuamuru: magunia hapa, nyinyi wenye miili kaeni juu ya magurudumu, mwembamba asogee.

Walipomchukua Georgette kibarazani, alikaa akiwa amejikunja, akilisubiri shimo. Shimo likaja, likapita chini yao kama wimbi dogo chini ya mtumbwi. Akasubiri la pili. Kisha mkono wake ukaachia tumbo, taratibu, na baada ya vijiji viwili alikuwa amelala.

Nyumba ya Mama Rosette ilikuwa njiani. Alphonse alipopunguza mwendo, ngumi iligonga paa la kabini.

"Endelea! Mi nikishuka, ataumia."

"Na kurudi, mama?"

"Kurudi utanirusha vile unataka. Mi sina mshono."

Kwenye nyumba ya mwanamke wa pili pia, ngumi ile ile. Walifika Lweba wote wakiwa juu.

Mlangoni kwa Alphonse hakuna aliyejitikisa. Georgette aliweka mguu mmoja chini, akapumzika, akaweka wa pili, akashika bega la mumewe. Wanawake sita walitulia juu ya magunia yao, miguu imekufa ganzi, wakimwangalia akivuka kizingiti. Ikasikika sauti yake kutoka ndani, nyembamba lakini ya mwenye nyumba:

"Bamama, niko mwa kiti, nimekaa. Mushuke sasa."

Wakashuka mmoja mmoja, na pikapu ikawa inainuka kidogo kidogo.