Koti, Hana Koti

Dada yangu alinipa sharti moja tu, na alinipa akiwa ameshika mwiko wa ugali, kwa hiyo nilisikiliza. Kesho yake mchumba wake alikuwa anakuja kwetu Mfaranyaki kujitambulisha kwa Bibi. Mchumba ni Mzambia, walikutana chuoni Mbeya, na Kiswahili chake kilikuwa na maneno matatu: asante, shikamoo na polepole. Bibi naye Kiingereza hajui hata salamu. Katikati yao ningekaa mimi, mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi, kwa sababu dada mwenyewe kwa desturi yetu hakai sebuleni siku anayozungumziwa.

"Wewe una mdomo," aliniambia. "Ukitumwa neno moja unafikisha matano. Kwa hiyo ukianza maneno ya mtu sema kwoti, ukimaliza sema ankwoti, kama wanavyosema Waingereza wakisoma maneno ya mwenzao. Hapo katikati usitie hata punje ya chumvi yako. Nitakuwa nyuma ya pazia."

Ningebisha nini? Utotoni niliwahi kutumwa kwa jirani kuomba ungo, nikaomba ungo na kumkaribisha chakula cha jioni juu yake. Alikuja na watoto wake wanne. Dada hajawahi kusahau, maana ndiye aliyelala bila nyama.

Safari hii haikuwa habari ya nyama. Bibi ndiye aliyetulea sisi wawili tangu tukiwa wadogo, na dada alikuwa ameshasema wazi kwamba Bibi akikataa, haolewi. Na Bibi, mwezi mzima tangu aambiwe, hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alikuwa anauliza tu Zambia ni mbali kiasi gani, anajibiwa, halafu kesho anauliza tena.

Mgeni alifika saa nne asubuhi, mwezi wa saba, Songea ikiwa na ile baridi yake ya kugonganisha meno. Alivaa shati jeupe jembamba lililopigwa pasi mpaka linataka kukata mtu. Akampa Bibi shikamoo, akampa baba mdogo, halafu akanipa na mimi. Nikaitikia marahaba kwa sauti nzito. Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

Baba mdogo, mwenyekiti wa kikao, akafungua kwa sala na kuniruhusu nianze. Mgeni akasema maneno yake ya kwanza, nami nikamgeukia Bibi kwa Kiswahili sanifu kabisa, kama ninavyowafundisha watoto: "Bibi, nanukuu."

Bibi akavuta pua. "Unanuka?"

"Hapana, Bibi, namnukuu mgeni."

"Mgeni ndiye ananuka?" Akamtazama kwa huruma. "Mwache, ametoka mbali."

Baba mdogo akainamisha uso kwenye kikombe cha chai na mabega yakaanza kucheza. Mimi nilishikwa na kicheko mpaka machozi yakanilenga. Nikaona bora nitumie kwoti na ankwoti pande zote mbili, kwa mgeni na kwa Bibi, yaishe.

Basi tukaenda. Kwoti, mgeni anashukuru kupokelewa, ankwoti. Kwoti, Bibi anauliza wazazi wako wazima, ankwoti. Kwoti, wazima, baba ni fundi wa redio, ankwoti. Jamani, nilikuwa natamba. Nilikuwa nafungua na kufunga maneno ya watu kama mwenye duka, na kule nyuma ya pazia kimya, hakuna kikohozi. Nikaanza kujisikia mtu wa mikutano mikubwa. Kitu kimoja tu nilikiona nikakipuuza: kila nikisema kwoti, Bibi alikuwa anamtazama mgeni shati, hamtazami usoni.

Halafu Bibi akaweka kikombe chini. "Mwambie hivi. Huyu mtoto nimembeba mgongoni. Sina ugomvi na yeye kijana. Ila akimpeleka huko kwao, mimi nitamwona lini?"

Nikamgeukia mgeni. Kwoti, nikasema, na nikayafikisha yote kwa Kiingereza, mgongo, ugomvi, lini, bila kupunguza wala kuongeza. Hapo ndipo pa kusema ankwoti. Sikusema. Nilikuwa nimecheka asubuhi nzima, na ghafla nikaona kitanda cha dada kikiwa kitupu, kile kilicho pembeni ya changu tangu nipate akili. Mdomo wangu ukaendelea peke yake, kwa Kiingereza kilekile: tafadhali usimchukue. Nyumba hii bila yeye hatuiwezi.

Mgeni akasimama. Alikuwa ameshikilia kiti, na mikono ilikuwa inatetemeka. Akasema taratibu kwamba kama Bibi amemwomba asimchukue, yeye hana ubavu wa kumpinga Bibi, na anaomba ruhusa aondoke.

Sikutafsiri.

Pazia likafunguka na dada akatoka, desturi akaiacha huko huko jikoni. Hakumtazama Bibi wala mchumba wake. Alinitazama mimi, macho yamejaa maji.

"Ulifunga wapi?" akaniuliza. "Niambie maneno ya Bibi yaliishia wapi."

"Yaliishia kwenye lini," nikasema. "Mengine ni yangu."

Dada akamgeukia mgeni na kumweleza, haraka haraka, huku akinionyesha kidole. Mimi nilitamani ardhi ipasuke niingie. Miaka yote ile ya kutaniwa kuhusu ungo, na siku yenyewe nimeifanya tena, safari hii kwa maisha ya dada yangu.

Bibi alikuwa haelewi hata neno moja. Aliona tu mtoto wa watu amesimama anatetemeka, na wajukuu wake wanapiga kelele.

"Hivi nyinyi mna roho gani?" akasema. "Tangu asubuhi mnaniambia koti, hana koti. Koti, hana koti. Nimesikia. Baridi yote hii, mgeni hana koti, na hakuna hata mmoja anayenyanyuka. Mpaka amesimama aondoke. Nendeni mkafungue sanduku."

Hakuna aliyejongea. Sanduku ni la bati, liko chini ya kitanda cha Bibi, na ndani yake kuna koti la marehemu Babu, la sufu, kijivu, na vifungo vya pembe. Baba mdogo aliwahi kuliomba avae kwenye harusi yake mwenyewe akanyimwa. Kikombe kilimtoka mkononi, chai yote ikamwagikia suruali.

"Mama," akasema, "lile koti?"

"Kwani nina lingine?"

Dada akaenda kulileta, linanuka dawa ya nondo. Bibi akamvalisha mgeni kwa mikono yake. Mikono ya koti ilimwishia juu ya kifundo na mabega yakambana, akawa hawezi kukunja kiwiko vizuri, na hakika sijawahi kuona mtu aliyependeza kiasi kile. Mimi, dada na baba mdogo tulicheka huku tunalia. Mgeni akasema asante, halafu kwa sababu hakuwa na jingine, akasema polepole.

"Sikumpa," Bibi akaniambia, anamfunga vifungo. "Nimemwazima. Mwambie alirudishe kila mwaka baridi ikianza, alilete mwenyewe, na mjukuu wangu akiwa pembeni yake. Nikisikia limekuja kwa basi peke yake, nitamfuata huko huko."

Kwoti, nikasema. Nikafikisha koti, baridi na basi, kila kitu mahali pake. Ankwoti, nikasema, kwa nguvu mpaka baba mdogo akashtuka. Mgeni alipiga magoti mbele ya Bibi kwa shida, maana koti lilikuwa linambana.

Mchana dada na baba mdogo walipokwenda kumsindikiza mgeni, nilibaki na Bibi tunaosha vyombo uani. Nikamweleza yote, kwamba koti halikuwa koti, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia mgeni asimchukue dada, akadhani ni yeye Bibi anayesema. Nikamwomba msamaha. Nilitegemea anichambe.

Bibi akasugua sahani moja kwa muda mrefu.

"Ulimwambiaje, hasa?"

"Tafadhali usimchukue. Nyumba hii bila yeye hatuiwezi."

Akasuuza ile sahani na kunipa niifute. "Hayo ni yangu," akasema. "Nilikosa pa kuyaanzia tu. Dada yako usimwambie."