Askari Namba Mia Mbili na Kumi na Saba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa glavu nyeupe za pamba, kisu chembamba kama cha daktari, na jina jipya. Hilo jina nilijipa mwenyewe. Msimamizi wa Makusanyo, mama mmoja mrefu asiyependa kelele, aliponiuliza niitweje, nikasema Sam. Salim wa Pangani nilimwacha nje kwenye theluji, tena bila koti.

Ilikuwa hifadhi ya picha za kale, Saint Paul, huku Marekani. Ninyi vijana mnapiga picha mia na kuzifuta jioni, kwa hiyo nieleze. Picha ya zamani ilichapwa kwenye karatasi nyembamba iliyopakwa ute wa yai, kisha ikabandikwa kwenye kadi ngumu isijikunje. Kadi zile zina asidi, na asidi huila picha polepole. Kazi yangu ilikuwa kubandua: unalainisha gundi kwa unyevu, unapitisha kisu, picha inatoka, kadi inatupwa. Kisha unaandika maelezo kwenye daftari. Nilikuwa na mkono mwepesi, nasema bila haya. Haya inakuja.

Mwezi wa pili wakaniletea sanduku la askari wa kikoloni wa Afrika Mashariki. Kila mmoja kapigwa mara mbili, uso na ubavu, kando yake fimbo ya kupimia urefu. Mpiga picha hakutaka watu, alitaka aina za watu. Chini aliandika namba na kabila, basi. Nilikasirika, lakini kimyakimya, maana bado nilikuwa kwenye majaribio.

Namba mia mbili na kumi na saba alikuwa kijana mwenye kovu juu ya nyusi. Nikaigeuza kadi yake. Nyuma kulikuwa na maandishi ya penseli, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofundishwa chuoni na maalim wetu kwa bakora. Sijui kijana yule aliipataje kadi ile, lakini nilisoma bila kukwama. Jina lake, jina la baba yake, halafu: "Nimesimamishwa juani tangu asubuhi. Mwenye kusoma haya, tafadhali ampelekee mama yangu, Kilwa, ajue nipo hai."

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Sam, hiyo lugha gani? Unaisoma?"

Siku zile za hofu ya magaidi, mtu akionekana na herufi za Kiarabu aliulizwa maswali. Nami mle ndani nilikuwa Sam. "Hapana, madam," nikasema. "Nadhani ni dua tu."

"Basi andika jina halijulikani. Kadi itupe, imeoza."

Nikaandika. Nikaitupa kwa mkono wangu huu. Hata kulinakili lile jina pembeni sikulinakili, nikiogopa kuonekana naandika nini.

Msimamizi alistaafu, akaja Mkurugenzi kijana, mpole, aliyetaka tutafute majina ya watu waliomo pichani. Kwenye kikao alisema, "Mwenye habari yoyote, hata ndogo, aseme. Hatutamlaumu mtu." Nikajikuna shavu, nikatazama kahawa yangu. Mficha uchi hazai, nami nimeuficha wangu mpaka nikapandishwa cheo mara mbili.

Siku ya kuniaga walinipa zawadi iliyofungwa vizuri. Nikafungua: yeye, amekuzwa, ndani ya fremu, kovu lile lile. "Tuliona kwenye daftari ni moja ya kazi zako za mwanzo," Mkurugenzi akasema. Chini pana kibao kidogo cha shaba: Askari, jina halijulikani. Maneno yangu mwenyewe. Watu wakapiga makofi, nami nikashukuru. Naona aibu kuliko ninavyoweza kuwaambia.

Sasa yupo sebuleni kwetu Lakeville. Mke wangu Mwanahawa ndiye aliyemtundika, kabla sijamweleza. Juzi nikamweleza yote. Alikuwa anachambua mchele. Akalimaliza sinia, kisha akauliza, "Na mama yake?"

Akanawa mikono, akajitanda mtandio, akaja kuketi karibu yangu mbele ya picha.

"Mtaje jina basi," akasema, "tumsomee Fatiha."

Nikafungua mdomo. Maneno ya kadi ile nayakumbuka yote, jua, Kilwa, mama. Jina limekwenda na kadi. Kilichonijia ni mia mbili na kumi na saba.