Mkate Mbele ya Tume

Ilianza Jumanne ya pili ya mwezi wa tano, mwaka 1957, saa nne kasoro robo asubuhi, katika dispansari ya mji wetu wa Baraka. Nilikuwa nimelala juu ya meza, gauni limepandishwa mpaka kifuani. Saa ninaijua kwa sababu ilitundikwa ukutani juu ya kichwa cha daktari, na sikuwa na mahali pengine pa kutazama.

Mama alisimama karibu na mlango. Hakuja kwa ajili ya kuhara kwangu. Alikuja kujua jambo moja tu.

Tumbo langu lilikuwa limevimba, safari hii bila kupungua, tangu Noeli. Mikono na miguu ilikonda, nywele zilibaki kwenye kitana, na damu ya mwezi ilikuwa haijaja tangu mwaka mpya. Kule shule ya misheni, mwangalizi wa bweni alinitazama tumbo wiki nzima bila kusema neno, kisha akafunga sanduku langu na kunirudisha nyumbani. Yeye hakusema, lakini mama alisema. Kila siku, akitwanga sombe, majani ya muhogo, alisema:

«Niambie tu iko ya nani. Mi ni mama ya we, sitakuua.»

«Hakuna muntu, mama.»

«Basi hii tumbo inajivimba yenyewe?»

Inajivimba yenyewe, ndiyo. Lakini nani angeamini?

Daktari alikuwa mzungu kijana mwenye masikio mekundu, aliyeshuka kutoka Fizi kila Jumanne. Alizungumza Kifaransa, mama hakijui, kwa hiyo mimi niliyelala uchi nusu ndiye niliyekuwa mkalimani wa tumbo langu mwenyewe.

«Anasema hakuna mimba, mama.»

«Mwulize tena.»

«Mama, amesema.»

«Mwulize tena! Kifaransa sijui, lakini uso ya muntu naijua kusoma.»

Nikamwuliza tena, nikiona haya mpaka vidole vya miguu vikajikunja. Akamgeukia mama, akatikisa kichwa: «Non, madame. Non.» Hilo hata mama alilielewa. Akajishika mdomo, akatoka nje, na kupitia dirishani nilimsikia akimshukuru Mungu kwa Kibembe chetu.

Daktari hakuwa amemaliza. Akauliza ninakula nini, tangu lini, na ni wapi ninapopata nafuu. Nikamwambia ukweli: kila likizo niliyokwenda kijijini Lubondja kwa Tate, mama mzazi wa papa yangu, kabla hajahamia kwetu, tumbo lilipungua nikaweza hata kulima. Nikirudi, lilirudi.

«Na huko Lubondja kuna mkate?»

«Hakuna, daktari.»

Akaweka kalamu chini. Akasema kule Ulaya, wakati wa vita mkate ulipokosekana, kuna watoto wagonjwa waliopona bila dawa, na mkate uliporudi wakaugua tena. Ni kitu kilichomo ndani ya unga wa ngano. Matumbo ya watu wengine hayakiwezi. «Wiki sita bila mkate, bila biskuti, bila makaroni. Kula muhogo, mchele, mahindi, ndizi, samaki. Kisha tutaona.»

Nilitaka kucheka. Hicho ndicho chakula cha kila mtu Baraka. Nyumba ambayo hakikuliwa ilikuwa moja tu niliyoijua, nayo ilikuwa ya kwetu.

Papa ni karani wa bureau ya serikali. Kwa miaka mitatu alikuwa akiomba karte, ile wanayopewa Waafrika ambao serikali inasema wamestaarabika. Ili uipate, tume ya wazungu inakuja nyumbani kwako. Wanatazama vitanda, choo, vitabu, kama mke anakaa mezani na mume, kama watoto wanajua uma. Kwa hiyo tangu aanze kuomba, bugali ya muhogo ilihamishiwa jikoni nyuma ya nyumba, ambako sasa anakula Tate, aliyehamia kwetu mwaka huu, na mbele tulikula mkate asubuhi na jioni, wa mwokaji wa karibu na bandari. Nilipokuwa dhaifu nilipewa vipande viwili zaidi, nipate nguvu.

Nilimwambia papa jioni ileile. Mama alikuwepo. Nilisema nikitazama meza, maana siwezi kusema nikitazama watu: «Papa, daktari amenikataza mukate. Anasema ndiyo inaniuguza.»

Akacheka. «Ile daktari iko kijana. Katika hospitali yote ya bazungu, mugonjwa anapewa nini? Mukate! We kama unataka bugali, sema tu, nataka bugali.»

«Si hivyo, papa.»

«Sikiliza.» Akaacha kucheka. «Tume itakuja. Haijulikani siku gani, lakini itakuja. Nitawaambia nini? Binti yangu, aliyesoma, anashindwa mukate? Ubangoje bapite. Bakisha kupita, kula unachotaka. Kula hata majani na ng'ombe ya Minembwe.»

Nilimchukia siku mbili. Siku ya tatu mama, akinisuka zile nywele chache, aliniambia kitu ambacho papa hakuwahi kutuambia: kwamba kabla sijazaliwa alilazwa chini na kupigwa fimbo mbele ya makarani wenzake kwa sababu ya barua iliyopotea, na baadaye barua ikaonekana ndani ya droo ya mtu mwingine. Mwenye karte hapigwi. «Kabla ya ile siku,» mama alisema, «papa ya we alikuwa anaimba.»

Baada ya kusikia hivyo hata kumchukia kulinishinda.

Basi tukaanza kuishi kwa kuficha. Mama alinishonea mfuko ndani ya gauni. Mezani nilipaka siagi, nikakata mkate vipande vidogo kama nilivyofundishwa, nikasogeza mkono mdomoni na kutafuna mate, na mkate ukaingia mfukoni. Kuku wetu walinenepa. Kisha nikaenda jikoni, nikakaa chini nyuma ya mlango na Tate, nikala bugali na ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kwa haraka kama mwizi. Tate alifurahi sana.

«Tumbo ya we iko Mubembe,» alisema. «Ni kichwa ya papa ya we tu ndiyo iko Muzungu.»

«Tate, sauti.»

«Atanifanya nini? Mi ndiye nilimuzaa, na bugali ndiyo ilimukomaza.»

Ninachokumbuka zaidi ni kwamba papa alianza kukohoa. Alipovuka ua kuja upande wa jikoni, alikohoa mara mbili, mbali kabisa, tukapata nafasi ya kufunika sahani. Hakuwa na kifua. Alijua, na alitaka tujue kwamba hajui.

Wiki ya nne damu ilikuja. Mama alicheza na sufuria mkononi, peke yake jikoni, kisha akakumbuka jirani, akaacha. Tumbo likashuka. Mwishoni mwa wiki ya sita nilikwenda dispansari peke yangu. Daktari alinibonyeza, akanipima uzito, akatabasamu mpaka masikio yake yakawa mekundu zaidi.

«Basi ndiyo yenyewe. Usile tena.»

«Mpaka lini, daktari?»

«Maisha yote.»

Aliandika jina la ugonjwa kwenye karatasi: seliaki. Nilitembea kurudi nyumbani kando ya ziwa nikihesabu mahali ambapo ningetakiwa kula mkate maisha yote. Staftahi ya shule. Sikukuu za misheni. Siku nitakapochumbiwa na mwalimu au karani, kwa sababu papa hakutaka mkwe mwingine, nami nitaandaa meza na kukaa mbele ya wageni. Bugali yangu yote duniani ningeila nyuma ya mlango. Watu wanasema kupona ni kama kufunguliwa. Mimi niliona kama mlango unafungwa.

Tume ilikuja Alhamisi, mwezi wa saba, saa kumi alasiri. Asubuhi papa alipata habari bureau, akatuma neno, na nyumba ikawa kama kuku walioona nyoka. Tate alifungiwa jikoni pamoja na sufuria zake. Mama alivaa viatu. Walitakiwa kuja bwana mmoja wa utawala, Madame mmoja anayefundisha akina mama kushona, na mtu wa tatu ambaye alikuwa mgonjwa. Mahali pake alikaa daktari.

Nilimwona akishuka garini.

Nikikataa mkate, papa ameaibika. Nikiula, daktari ataona kwamba nyumba hii haifuati maagizo ya hospitali, na hilo pia wanaliandika. Nilimtafuta papa kwa macho. Alikuwa akivuta kiti cha Madame.

Madame alifungua kabati. Alinusa mashuka. Alimwuliza mama kitu kwa Kifaransa, mama akacheka vizuri na kumpa sukari. Kisha tukakaa, chai ikamiminwa, na papa akakata mkate kwa kisu kirefu, kila kipande sawa na mwenzake. Mazungumzo yalikuwa kwa Kifaransa. Hapa ninayaandika kwa Kiswahili.

«Na binti, mbona hali kitu?» Madame aliuliza.

«Anakula, Madame,» papa alijibu. «Anapenda sana mkate.»

Papa mwenyewe aliniwekea kipande, akakipaka siagi. Nikaikumbuka ile fimbo, ndipo nikakila. Mfuko haukuwezekana, macho yalikuwa mengi. Nikakila chote. Na nitasema ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma daftari hili: kilikuwa kitamu. Nilikuwa nimekikosa.

Daktari alikuwa ameshika kikombe hewani. «Mademoiselle, si nilikukataza mkate?»

Nilijifuta siagi mdomoni.

«Nilimkataza,» akamwambia papa. «Mwezi wa tano, mbele ya mama yake. Na wiki iliyopita tena.»

Papa akacheka kile kicheko chake cha bureau. «Watoto, daktari! Mke wangu hajui Kifaransa. Binti ndiye aliyetafsiri, na alitafsiri alivyotaka. Hakutuambia hata neno moja.»

Mama, ambaye hakuelewa, alimwongezea daktari chai na kutabasamu.

«Una miaka kumi na sita, unajua kusoma,» daktari aliniambia, polepole, bila ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. «Kwa nini uliwaficha wazazi wako?»

Walinitazama wote. Madame alikuwa na penseli. Nilifungua mdomo na kilichotoka ni: «Nisamehe, daktari.»

«Omba msamaha kwa papa yako,» alisema Madame.

Nikaomba.

Walipoondoka, wakisema jibu litakuja kwa barua, Tate alitoka jikoni akijipepea. «Bamekwenda? Mi nimelowekwa humo kama muhogo!» Mama alinivuta pembeni. «Bamesema nini, pale uliinamisha kichwa?»

«Wamesema chai ni nzuri, mama.»

Usiku sitauandika. Choo kiko mbali na nyumba, hiyo inatosha.

Asubuhi, Ijumaa, nilikuja mezani nikishika ukuta. Papa alikuwa amekwisha kuvaa nguo za kazi. Alikata mkate wake, wa mama, akaweka kisu chini. Hakunitazama.

«Tangu leo,» alimwambia mama, «mutoto asipewe tena mukate. Daktari ameniambia jana.»

«Jana?» alisema mama.

«Jana. Apikiwe bugali, akule hapa mezani. Hapana kuficha-ficha.»

Ndicho nilichokuwa ninakitaka tangu mwezi wa tano, na sasa kilikuwa juu ya meza. Ningenyamaza tu. Mama alikuwa akimtazama papa, kisha mimi, na papa alikuwa akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

«Nilikuambia, papa,» nikasema.

«Umesema nini?»

Alikuwa amesikia. Nikaondoa mkono ukutani, nikamtazama yeye, si meza, nikasema tena.