Maji Yakivuka Ukuta

Mdogo wangu Ilias anazijua pampu kuliko anavyowajua watoto wake, na sisemi hivyo kwa kumsifu. Mimi ni Kudra, dada yake mkubwa, nashona nguo hapa mtaa wa Bwiza. Nimemlea tangu mama yetu afariki, kwa hiyo nina haki ya kumkasirikia.

Kazi yake ni kufunga mashine za maji, kuziendesha na kuzitunza. Ana sikio. Beringi ikianza kuchoka, yeye ameshaisikia wakati wengine bado wanapiga soga. Hawashi pampu kabla ya kuijaza maji, maana ikinyonya hewa inajiunguza yenyewe, na ole wake atakayeiwasha kwa pupa mbele yake.

Alimwoa Rosette, binti wa wakimbizi waliovuka mpaka kutoka Uvira. Baadhi ya ndugu zetu walinuna kwa sababu wao ni Wakristo na sisi ni Waislamu. Wakaacha kununa walipomwona mama yake, Geneviève, anavyomheshimu mkwe wake. Alikuwa na nyumba karibu na ziwa, ya matofali ya udongo yasiyochomwa, yale tunayoita rukarakara, na aliijenga kwa jasho la kuuza dagaa. Ilias akienda kumsalimu, alitolewa kiti barazani, akanywa chai, wakaulizana habari za watoto, basi. Mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe, na Ilias hata pazia la maua la mlangoni hakuwahi kuligusa.

Ndipo ziwa likajaa. Jimmy, mwenye ghala la sabuni mtaa huohuo, akaona maji yanachipuka sakafuni na magunia yanapasuka. Akamwita Ilias. Ilias akachimba shimo kwenye kona ya ghala, akafunga pampu ya mazutu, yaani dizeli, akapitisha mpira wa maji juu ya ukuta wa nyuma mpaka kwenye mtaro. Ghala likakauka, na Jimmy akamwajiri aiendeshe kila siku isipokuwa Jumapili.

Nilimwuliza siku ile, "Sasa hiyo maji inaenda wapi?"

"Kwa mutaro, da Kudra."

"Na mutaro?"

"Ziwani."

Alijibu harakaharaka, nami nikamwacha, maana nilikuwa na gauni la bibi harusi mkononi. Kumbe jibu lake lilikuwa la kiangazi. Ziwa lilikuwa limepanda mpaka mdomo wa mtaro, maji hayana pa kutokea. Ilias alipopita barabarani aliona maji yametuama mtaroni, akamwomba Jimmy mpira mrefu zaidi ufike ziwani kwenyewe.

"Ya nini?" Jimmy akamwambia. "Maji ikivuka ukuta, haiko yangu tena."

Ilias akarudi kwenye mashine yake akaitia grisi. Hapo ndipo ninapomlaumu. Ukuta ule una mlango mdogo wa nyuma, angeufungua akatazama. Hakuufungua, kwa sababu alijua akiona atalazimika kuizima.

Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na nyumba za watu, na ya mwisho, pale mtaro unapokata kona, ilikuwa ya Geneviève. Maji yaliingia kwanza chumbani kwake, upande wa nyuma. Majirani walisema ni ziwa. Yeye alijua si ziwa, maana ziwa halina povu la sabuni, wala halipumziki Jumapili. Alipandisha kitanda juu ya mawe akanyamaza. Ilias alikuja Jumapili, akatolewa kiti barazani pakavu, akanywa chai. Akauliza, "Mama, maji haikusumbui?" Akajibiwa, "Apana, mukwe, tuko salama."

Adabu gani hii! Nimeishi na watu wenye adabu maisha yangu yote, lakini hii inanitia hasira mpaka leo.

Ukuta wa nyuma wa nyumba ya Geneviève ulianguka asubuhi moja ya kazi, na paa likafuata. Geneviève alikuwa nje akianika nguo, Mungu alimhifadhi. Rosette akampigia mume wake simu. Ilias alitoka mbio bila hata kuzima pampu, akafika, akakuta povu limezunguka vitanda na masufuria, na mngurumo wa mashine yake unasikika vizuri kabisa.

"Mama, sababu gani haukuniambia?"

"Ningekuambia nini? We ungezima mashini, na Rosette angekula nini?"

Geneviève akahamia kwa Rosette na Ilias, mtaa wa Musaga. Majirani nao walichoka, mmoja mmoja wakauza viwanja kwa bei ya kutupa. Aliyenunua ni Jimmy. Hata Geneviève aliuza, angefanya nini na kidimbwi? Kiangazi kilipofika, Jimmy akataka kujenga ghala la pili kwenye viwanja hivyo, lakini msingi ulikuwa na maji. Akamwita fundi wake.

Nilimkataza Ilias. Tulitukanana. Alikwenda, na aliyemfungia chakula cha mchana asubuhi ile ni Geneviève mwenyewe.

Jioni alikuja kwangu badala ya kwenda kwake, na buti zake za matope mkononi. Pampu, aliniambia, iliacha kuvuta katikati ya kazi. Akaingia majini, akainua chujio la mpira wa kunyonyea, akakuta limezibwa na kitambaa. Akakivuta taratibu. Lilikuwa pazia la maua, bado limefungwa kwenye kipande cha ubao wa mlango. Akatazama alipokuwa amesimama, akaona mawe manne ya kitanda chini ya maji, na yeye yuko katikati yake.

"Niliingia chumbani kwa mama mukwe wangu, da Kudra," alisema. "Na mabuti."

Alilia kama alivyolia siku tuliyomzika mama. Nilimwacha alie. Kisha nikamwuliza alifanya nini baadaye.

"Nilisafisha chujio," akasema. "Nikajaza pampu maji, nikawasha."