Halihitaji Chochote Ila Dereva

Kampuni ya mnada ilitamka, katika ukurasa wa mia mbili na sita wa katalogi yake na tena kwa kipaza sauti, kwamba gari namba 714 ni nakala ya Cobra, gari la mbio la mwaka 1965, iliyoundwa kwa ustadi na isiyojidai kuwa kitu kingine. Kwamba litauzwa bila kuwekewa kiwango cha chini cha bei. Na kwamba limekamilika. Halihitaji chochote ila dereva.

Vernon Tschida aliusoma ukurasa huo mara tisa akiwa amesimama. Vernon hakai. Kwa miaka thelathini na mbili alitengeneza viyoyozi juu ya mapaa ya Mesa, Arizona, na tangu astaafu anazunguka nyumbani kwake kama mtu aliyesahau alikoweka miwani. Gereji yake ina nakala ya gari hilohilo, aliyoinunua miaka kumi na moja iliyopita ikiwa ndani ya masanduku kumi na saba, ili aiunge mwenyewe. Masanduku tisa yamefunguliwa. Alimwahidi mkewe, Gayle, kwamba wangesafiri nalo hadi Prescott, walikofungia ndoa, siku ya kutimiza miaka thelathini ya ndoa. Thelathini ikapita, thelathini na tano ikapita. Tarehe kumi na mbili Aprili ingekuwa arobaini, na Gayle alikwishaacha kuuliza, jambo lililomtisha Vernon kuliko maswali yenyewe.

Ndiyo maana Januari ile walikuwa chini ya hema kubwa la mnada, yeye akiwa na kitambulisho cha mnunuzi shingoni. Nakala iliyoungwa tayari, ukiwa na subira, unaipata kwa muuza magari kwa dola elfu hamsini na tano. Vernon alilijua hilo. Kikomo chake, elfu sitini, alikiandika kwa kalamu kwenye kiganja.

"Kaa basi," Gayle alisema. "Unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa hawataniona."

"Mzee wangu, umevaa kofia ya rangi ya chungwa. Wanakuona mpaka Tucson."

Gari likasukumwa jukwaani, la buluu lenye mistari myeupe, chini ya taa ambazo zingelifanya hata friji bovu litamanike. Bei ilipofika sitini, Vernon alifuta kiganja kwenye suruali. Walikuwa wamebaki wawili: yeye na bwana mmoja wa kofia pana kando ya nguzo, aliyekuwa akiongeza bei kwa kutikisa kichwa kidogo, kama anayekubaliana na kinyozi. Msaidizi wa mnadi, ambaye kazi yake ni kuwapigia wateja kelele usoni, akachuchumaa mbele ya Vernon.

"Bosi! Tisini tu! Utapata usingizi kweli ukimwachia yule?"

"Silali hata hivyo," Vernon alisema, akanyoosha mkono.

"Vernon, hilo ni plastiki."

"Fibaglasi."

"Haya, elfu tisini za fibaglasi."

"Ni Prescott, Gayle."

Gayle akafunga mkoba wake. Nyundo iligonga kwenye tisini na nne, mbali na ada ya kampuni ya asilimia kumi. Watu wakapiga makofi. Bwana wa kofia pana akaja kutoa mkono.

"Hongera, kaka. Mimi ninalo kama hilo nyumbani, pacha kabisa. Naliuza mwezi wa tatu."

"Sasa la pili ulilitakia nini?"

"Nani alilitaka? Hili likiondoka kwa hamsini, langu nitamuuzia nani kwa themanini? Umeniokoa. Nikununulie bia?"

Vernon aliikubali bia. Aliinywa akiwa amesimama.

Gari lililetwa juu ya lori na kushushwa mbele ya nyumba, kwa kuwa gereji ilijaa masanduku. Vernon aliingia, akakaa. Sisi majirani tulishuhudia: karibu dakika nne. Kisha akaona kwamba upenyo wa mlango wa kushoto unauzidi ule wa kulia kwa unene wa sarafu. Mtu mwingine asingeuona. Akaung'oa mlango ili aurekebishe. Nyuma ya bawaba palikuwa na waya uliofungwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Akaufuata waya hadi kwenye dashibodi, na dashibodi ikatoka na saa zake zote za vipimo. Katikati ya Februari viti vilikuwa chini kwenye changarawe mbele ya nyumba, naye Vernon alikuwa akipiga mluzi.

"Litakuwa tayari?" Gayle aliuliza kupitia dirisha la jikoni. Lilikuwa swali lake la kwanza kuhusu safari ile baada ya miaka mingi.

"Limebaki dogo tu."

"Si walisema limekamilika?"

"Wale? Wale wanajua nini!"

Gayle akampelekea mkate wenye nyama. Vernon akaula akiwa amesimama, jicho kwenye bawaba.

Tarehe kumi na mbili Aprili walifika Prescott kabla ya chakula cha mchana, kwa gari dogo jeupe la Gayle, na Gayle ndiye aliyeendesha.