Kisanduku cha Pili Sikumsomea Mama

Sauti ninayoisikia mpaka leo ni ndogo sana. Ni ya dole gumba la mama likibanduka kwenye pedi ya wino wa muhuri. Mkono wake niliushika mimi mwenyewe, nikaukandamiza kwenye wino, nikauinua, nikaukandamiza tena kwenye karatasi.

Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Tarime. Nina shahada ya uzamili, na mpaka mwezi uliopita nilikuwa msaidizi wa utafiti katika mradi wa chuo ambacho sitakitaja. Nawaandikia ninyi kwa sababu watu wa karibu siwezi kuwaambia.

Mama yangu aliolewa nyumba ntobhu. Kwa msiojua, kwetu Wakurya mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kumtolea msichana ng'ombe, akamwoa, ili amzalie wana wa kurithi boma. Aliyemwoa mama mimi namwita bibi. Mama alimzalia mtoto mmoja tu, mimi, na siyo wa kiume. Bibi alipofariki tulihamia Turwa, mjini Tarime, na kanisani mama akajitambulisha kuwa mjane. Uongo huo ulimpa heshima na haukumdhuru mtu.

Mradi wetu ulihusu kaya za namna hiyo. Dokta aliyeusimamia alituambia kikaoni, "Sauti ninazo za kutosha. Kila mama anakubali sauti, picha anakataa. Mimi nahitaji sura. Atakayeniletea mama wa kukubali sura, barua yake ya ufadhili wa shahada ya uzamivu naiandika mwenyewe." Nilikuwa nimeshaomba ufadhili mara mbili na kukosa mara mbili. Nikanyoosha mkono, nikasema ninamfahamu mama mmoja pale Turwa.

Utaratibu hauruhusu msaidizi kumhoji ndugu yake. Kwa hiyo siku moja kabla nilimwambia mama, "Kesho mbele ya mgeni usiniite mwanangu. Niite mwalimu."

Akacheka. "Nikuite mwalimu na hujafundisha hata kuku?"

Nikamwambia ndiyo masharti ya kazi. Akaenda kufua kitenge chake kizuri.

Fomu ya ridhaa ilikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza kilihusu kurekodi sauti kwa matumizi ya utafiti, bila jina. Cha pili kilihusu picha yake na maelezo yake kutangazwa hadharani. Dokta hajui Kikurya. Mama Kiswahili chake ni cha sokoni, na kusoma hajui. Nilimsomea cha kwanza kwa Kikurya, polepole. Nilipofika cha pili nikarudia maneno yale yale ya cha kwanza, kidole changu kikitembea juu ya mistari, ili Dokta aone ninasoma. Mama akauliza, "Na hiyo kamera?" Nikamjibu kwamba ni kumbukumbu ya ofisi.

Alieleza yote. Kwamba wanaume wa kuzaa naye alichaguliwa na bibi. Kwamba alipomkataa wa kwanza, bibi alimnyima chakula siku mbili. Mambo hayo sikuwahi kuyasikia maishani mwangu. Niliyatafsiri kwa sauti ya kazini, sentensi baada ya sentensi, na Dokta akawa anasema, "Vizuri sana, aendelee." Kisha akataka kujua kama ana watoto. Mama alinitazama, akasema anaye mmoja, msichana.

"Yuko wapi?" Dokta akauliza.

"Mwambie yuko mbali, anasoma," mama alisema kwa Kikurya.

Nikamwambia Dokta kwamba yuko mbali, anasoma.

Wiki chache baadaye chuo kilitoa toleo jipya la ukurasa wake wa habari na fursa kwa watafiti na wanafunzi. Mimi niliufungua kutokea chini, kwenye orodha ya waliopata ufadhili. Jina langu lilikuwa la tatu. Nilipiga kelele ya furaha kabla sijapandisha macho. Juu alikuwepo mama, amekaa na kitenge chake, na chini ya picha maneno makubwa: "Nilichaguliwa mwanaume wa kuzaa naye."

Siku hiyo hiyo picha ilizunguka kwenye simu za watu wa Tarime. Jumapili, mlangoni mwa kanisa, kiongozi wa kikundi cha wajane alimwambia mama, wenzake wakisikia, "Mama, kumbe huyo marehemu tunayemwombea kila wiki alikuwa ajuza? Sasa tuelekeze, tumwombee kama mume au kama mama mkwe?" Mwingine akadakia, "Na wale wa kuchaguliwa, nao tuwaandike kwenye maombi?" Wakacheka, hata waliokuwa wanajizuia. Mama hajarudi kanisani tangu siku hiyo. Sokoni Bomani anapima dagaa wake ameinama, hamwangalii mteja.

Hajanigombeza. Alisema tu, "Waambie waitoe."

Niliulizia ofisini kana kwamba naulizia mtu mwingine. Picha inaweza kutolewa ndani ya siku moja tu, ilimradi aliyechukua ridhaa aandike kwamba hakuichukua sawasawa. Aliyeichukua ni mimi. Nikiandika watajua nilichoficha, watajua pia yule ni nani wangu, na ufadhili utakwenda kwa mtu mwingine.

Najua mnasubiri niulize nifanye nini. Sina swali. Barua ile ya kukiri niliianza mara nne, na kila nilipofika kwenye neno "mama" nilifuta. Jumatatu nikasaini fomu ya kukubali ufadhili, nikaituma. Kisha nikakaa na mama jikoni, nikamweleza kwamba picha ikishaingia mtandaoni hakuna anayeweza kuitoa.

"Hata wewe?" akauliza.

Nikamwambia hata mimi. Akaniamini, kwa sababu kati yetu wawili mimi ndiye niliyesoma.